Tahariri: Anayeomba Ufadhili Ajieleze kama Shahidi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka, unapofika msimu wa kutoka matokeo ya mitihani, milango ya misikiti na madrasa zetu hugongwa na vijana walioshika bahasha. Huja kwa haja mbili. Haja ya kwanza ni tazkia, yaani barua ya imamu au mwalimu ya kuwashuhudia tabia na bidii yao. Haja ya pili ni kutaka mtu wa kuwapitishia macho insha waliyoandika kuomba ufadhili wa masomo. Haja zote mbili ni za kheri, na kijana anayeziendea anastahiki kupokewa kwa uso mkunjufu.

Hata hivyo, lipo jambo la kusikitisha ambalo hatuoni vyema kulinyamazia. Katika miaka tuliyokaa katika kazi ya ualimu zimepita mikononi mwetu insha nyingi za namna hiyo, na ukiziweka pamoja utadhani zimeandikwa na mtu mmoja. Karibu kila moja huanza kwa kusema kuwa mwandishi ni kijana mwenye bidii aliyeipenda elimu tangu utotoni. Kisha hueleza kuwa elimu ni ufunguo wa maisha. Mwisho huahidi kuisaidia jamii na kuwatakia wafadhili kila la kheri. Ndani yake hamna uongo, lakini pia hamna mtu. Anayeisoma huimaliza asijue kama mwandishi anatoka Tanga au Kigoma, kama ni mtoto wa mvuvi au wa karani, wala ni lipi alilowahi kulifanya kwa mikono yake. Kijana tunayemjua kwa wema na akili, tunapomtafuta katika karatasi yake mwenyewe, hatumwoni.

Kwa sababu hiyo tumeonelea tahariri ya mwezi huu tuitoe kwa suala hili. Huenda wapo watakaosema kuwa ni jambo dogo, la vijana na makaratasi yao. Sivyo. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, na kila mwaka wapo vijana wetu wanaostahiki kusoma ambao hubaki nyumbani kwa sababu tu hawakujua kujieleza. Na lililo baya zaidi, wapo wanaopata kwa kusema yasiyokuwa, wakakaa katika viti vya wenzao.

Hali imebadilika

Zamani, njia ya wengi wetu waliokwenda kusoma nje ilikuwa fupi. Sheikh aliandika tazkia, vyeti vikaambatanishwa, na kijana akasubiri jibu. Wengi walikwenda Madina, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kilianzishwa mwaka 1961. Wengi walikwenda Al-Azhar. Na wengine wengi walikwenda Khartoum, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Milango hiyo ina fadhila kubwa kwetu, nasi hatuwezi kuisahau. Lakini vita vilivyozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023 viliwakatizia masomo maelfu ya wanafunzi, na vijana wa Kitanzania walikuwa miongoni mwa waliorejeshwa nyumbani na mabegi yao, wengine wakiwa wamebakiza mwaka mmoja tu. Kijana wa namna hiyo alilazimika kuanza upya kuomba mahali pengine, na huko pengine aliulizwa maswali ambayo hakuwahi kuulizwa: Wewe ni nani? Umefanya nini? Kwa nini fani hii? Ukimaliza utafanya nini?

Tuuchukue mfano wa ufadhili wa serikali ya Uturuki, unaojulikana kwa jina la Türkiye Bursları tangu mwaka 2012. Ufadhili huu hulipia ada, malazi, bima ya afya, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, na posho ya kila mwezi. Mwombaji wa shahada ya kwanza hutakiwa awe na umri wa chini ya miaka 21 na alama zisizopungua asilimia 70. Wa shahada ya pili awe chini ya miaka 30, na wa uzamivu chini ya miaka 35, wote wawili wakiwa na asilimia 75 au zaidi. Na anayetaka udaktari na fani nyingine za afya hutakiwa asilimia 90. Sasa na tutafakari. Kila aliyevuka kizingiti hicho ana alama nzuri, na wote waliosimama nyuma ya mstari huo wamekaribiana. Kinachowatenganisha ni maelezo wanayoandika juu yao wenyewe na makusudio yao, kisha usaili kwa wale walioteuliwa. Vyeti humfikisha mtu mlangoni tu, na aliye ndani humjua mgeni kwa maneno yake.

Je, kujieleza ni kujisifu?

Hapa ndipo vijana wetu wengi waliolelewa vyema hukwama. Wamefundishwa, na wamefundishwa kwa haki, kuwa kujisifu ni aibu na kuwa riya huiharibu amali. Wakiambiwa waeleze mema waliyoyafanya, kalamu huwa nzito. Na sisi Waswahili tuna msemo wetu kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Basi kijana huandika maneno ya jumla, akidhani kuwa huo ndio unyenyekevu.

Tunawaomba vijana hao wakizingatie kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Aliposimama mbele ya mfalme wa Misri na kuomba asimamie hazina za nchi, alijieleza, na maelezo yake yametajwa katika aya ya 55 ya Sura inayobeba jina lake. Tuangalie kwanza yale ambayo hakuyataja. Hakuutaja uzuri wake, ingawa ulikuwa mashuhuri. Hakuitaja nasaba yake, naye ni mwana wa Yaaqub mwana wa Is-haka mwana wa Ibrahim, amani iwe juu yao. Wala hakuililia miaka aliyofungwa gerezani bila ya kosa. Alitaja mambo mawili tu, nayo ni uaminifu wake katika kuhifadhi na ujuzi alionao. Hizo ndizo sifa zinazohitajiwa na mlinzi wa ghala. Tena hakuzitaja pasina ushahidi, kwani kabla ya hapo alikwisha kuifasiri ndoto ya mfalme na kueleza namna nafaka itakavyohifadhiwa kwa miaka saba ya neema ili iwafae watu katika miaka saba ya ukame.

Katika kisa hicho mna kipimo cha insha nzima. Mwombaji ataje sifa inayohusiana na kile anachokiomba, aitaje kwa kiasi chake, na iwepo amali iliyotangulia ya kuithibitisha. Kufanya hivyo si kujisifu, bali ni kumsaidia mwenye kuamua aamue kwa haki. Na ule msemo wa chema kujiuza ni kweli sokoni, ambako mnunuzi anaishika bidhaa na kuigeuza. Kamati inayokaa Ankara au Jeddah haimwoni kijana wa Mkuranga. Mbele yake pana karatasi tu.

Kosa tulilolifanya sisi wenyewe

Hatusemi haya kwa kujiona bora. Miaka mingi nyuma, nasi tulipokuwa tunatafuta nafasi ya masomo ya juu, tuliandika barua ya Kiarabu ya kurasa tatu. Tulijivunia sana barua ile. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa kuhimidi na kukisifu chuo na viongozi wake kwa ibara za vina. Ukurasa wa pili ulikuwa juu ya fadhila za elimu, mambo ambayo wasomaji wake walikuwa wakiyajua kabla sisi hatujazaliwa. Habari zetu wenyewe zilikuja mwishoni mwa ukurasa wa tatu, mistari minne. Jibu halikuja. Tulipomwonyesha nakala mwalimu wetu mmoja, aliisoma yote kwa utulivu, akatuuliza swali moja: “Na wewe uko wapi ndani ya barua hii?”

Swali hilo ndilo tunalowauliza vijana hadi leo.

Andika kama shahidi

Katika elimu yetu kuna watu wawili ambao maneno yao hupimwa kwa mizani kali, nao ni shahidi mbele ya kadhi na mpokezi wa hadithi. Shahidi haambiwi atoe rai yake kuwa fulani ni mtu mwema. Huulizwa ameona nini, wapi, lini, na nani mwingine alikuwepo. Na maulamaa wa hadithi hawakumpokea mtu kwa kuwa maneno yake ni matamu, bali walimuuliza ameyapata kwa nani. Mwombaji wa ufadhili na asimame mahali hapo. Asiseme, “Mimi ni kiongozi.” Aseme aliongoza nini, watu wangapi, kwa muda gani, na palitokea nini. Msomaji ndiye atakayetoa hukumu kuwa huyu ni kiongozi.

Tutatoa mfano mmoja. Binti mmoja aliyesoma kwetu alitujia na insha iliyosema kuwa anapenda sana kuisaidia jamii yake, na kuwa anataka kusomea fani ya afya. Tukamuuliza ni lini aliisaidia jamii. Akainama. “Ustadhi,” akasema, “mimi sina la kuandika. Sijafanya kitu.” Tukamuuliza alasiri huwa anafanya nini. Akasema anafundisha darasa la watoto wadogo la madrasa, na anafanya hivyo kwa mwaka wa pili sasa. Tukamuuliza ni jambo gani lililompa taabu katika darasa hilo. Hapo ndipo alipoeleza kuwa walikuwepo watoto watatu waliokuwa wakihesabiwa kuwa wazito wa kufahamu, na walimu waliotangulia walikwisha kuwakatia tamaa. Yeye akatambua kuwa kila wanaposoma kutoka ubaoni hukosea, na wanaposoma msahafu ulio mikononi mwao hawakosei. Akawahamisha mbele, akawa anaandika kwa herufi kubwa, kisha akaenda nyumbani kwa wazazi wao, mmoja baada ya mwingine, hadi watoto wakapelekwa kupimwa macho.

Alikuwa na hayo yote, naye anasema hana la kuandika! Tukamwambia aiache insha yake ya kwanza na aandike haya kama alivyoyasimulia, kisha aeleze yalivyomfanya atake kusomea afya ya macho. Ombi lake la kwanza halikukubaliwa. Mwaka uliofuata aliomba kwingine, akaitwa kwenye usaili. Alitueleza baadaye kuwa sehemu kubwa ya usaili ilikuwa juu ya wale watoto watatu, naye alijibu kila alichoulizwa bila ya kubabaika, kwa sababu alikuwepo. Mwaka huo alipata.

Wapo wengi kama yeye misikitini mwetu. Yupo anayemwekea mama yake hesabu za genge. Yupo anayewasomea wazee barua za hospitali. Yupo aliyetengeneza upya pampu ya kisima cha msikiti baada ya fundi kushindwa. Hawajui kuwa hayo yana thamani, kwa kuwa yanafanyika kila siku na hayatolewi cheti.

Umasikini, upungufu na ahadi

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni namna ya kuutaja umasikini. Wengi hudhani kuwa insha ni mahali pa kumliza msomaji, wakajaza kurasa kwa shida. Shida ikiwa ni ya kweli, na itajwe, tena kwa uwazi, lakini kwa sentensi chache, kisha mwandishi aeleze alifanya nini akiwa ndani ya shida hiyo. Wanaosoma insha hizo hukutana na shida nyingi kila siku, na shida peke yake haiwaelezi kama mtu huyu ataweza kusoma. Na ole wake anayemuua mzazi aliye hai ili aitwe yatima! Tumelisikia hili likifanyika, na tunalilaani. Asiyeona haya mbele ya mfadhili, na aone haya mbele ya mama yake anayempikia.

Kadhalika upungufu usifichwe. Aliyefeli mtihani au aliyekatiza masomo aeleze kwa mstari mmoja au miwili sababu yake na alichokirekebisha. Nabii Musa (a.s.), alipopewa jukumu la kwenda kwa Firauni, alikiri kuwa ndugu yake Harun ni fasaha wa ulimi kuliko yeye, na papo hapo akaomba ndugu huyo awe msaidizi wake. Alikiri na akaja na dawa. Msomaji mwenye busara humwamini zaidi anayejijua.

Ama ahadi ya kuisaidia jamii, nayo iwe na umbo. Kila mfadhili ana lengo lake, na ni wajibu wa mwombaji kulisoma lengo hilo kabla ya kushika kalamu. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1983 na ambao ni wa shahada ya pili ya mwaka mmoja, kwa miaka mingi umewauliza waombaji habari za uongozi, mahusiano yao na watu na mpango wao wa kazi, na humtaka aliyesoma arudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, nayo ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa jumuiya za Kiislamu zilizo katika nchi zisizo wanachama, kama Tanzania na Kenya. Mpangilio wake ulikuwa wa hekima kubwa. Fedha zilikuwa ni msaada kwa jumuiya, lakini kwa mwanafunzi zilikuwa ni mkopo usio na riba, aurejeshe akishapata kazi ili mwingine wa jumuiya yake asome. Anayeelewa hivyo hawezi tena kuandika tu kuwa ataisaidia jamii. Atataja jamii ipi, katika wilaya ipi, kuna pengo gani, na yeye atasimama wapi katika kuliziba. Na asiahidi kuiokoa nchi nzima. Aahidi kile ambacho mtu mmoja mwenye elimu hiyo anaweza kukifanya ndani ya miaka michache.

Insha ya kununua

Tunafika sasa kwenye jambo lililotusukuma zaidi kuandika. Siku hizi wapo wanaoandika insha za watu kwa malipo, na zipo programu za akili unde ambazo kijana akizipa mistari miwili humtolea kurasa nzima za lugha laini. Baadhi ya wafadhili sasa huzikagua insha kwa ajili hiyo, na anayebainika huondolewa. Lakini hata kama hakuna wa kukagua, sisi tunao Mkaguzi asiyeghafilika. Insha hubeba jina la mtu, na chini yake huwekwa kiapo au tamko kuwa yaliyomo ni kweli na ni yake.

Kijana mmoja tunayemfahamu aliandikiwa insha kwa malipo. Ilieleza kuwa ameanzisha kikundi cha kulea mayatima. Insha ilivutia, akaitwa kwenye usaili. Swali la kwanza lilikuwa ni mayatima wangapi, na wanalala wapi. Hakuwa na jibu. Alitoka humo akiwa amepoteza nafasi, na alitueleza kwa machozi kuwa kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa na mambo yake ya kweli ya kueleza, na hakuna aliyemuuliza.

Hatusemi kuwa ni haramu kusaidiwa. Kumpa mwalimu asome, kusahihishiwa lugha, kuulizwa maswali yanayofumbua kumbukumbu, yote hayo ni mema na ndiyo kazi yetu. Mpaka ni huu: msaidizi aulize na asahihishe, lakini yaliyomo yatoke kwa mwenyewe. Vilevile tunawatahadharisha wazazi na madalali wanaotoza fedha kwa kudai kuwa wana njia ya ndani. Kuomba Türkiye Bursları au Chevening hakuna malipo yoyote.

Namna ya kuifanya kazi

Kwa wanaotaka kuanza, tunatoa mashauri machache yaliyotufaa darasani.

Mosi, kijana aanze mapema. Maombi ya Uturuki kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari, na siku za mwisho mtandao huwa mzito. Anayeanza kuandika siku hiyo ameshachelewa.

Pili, asome swali aliloulizwa na alijibu hilohilo. Akiambiwa maneno 500, yasizidi 500. Kutii idadi ni sehemu ya mtihani.

Tatu, aandike kwanza kwa lugha anayofikiri nayo, bila ya kujali urembo. Ajibu maswali manne: nimefanya nini, kimenifunza nini, nataka kusoma nini na kwa nini mahali hapo, na nitarudi kufanya nini. Kisha ahamishie maana hizo katika lugha inayotakiwa, kwa sentensi fupi anazozimudu.

Nne, apitie kila sentensi na ajiulize: Je, jirani yangu angeweza kuiandika sentensi hii hii juu yake? Kama jibu ni ndiyo, aifute, au aiongezee kile ambacho ni chake peke yake. Kwa mizani hii, zile sentensi za ufunguo wa maisha huanguka zenyewe.

Tano, aisome kwa sauti mbele ya mtu anayemjua. Mtu huyo akisema, “Huyu ndiye wewe,” kazi inakaribia kwisha. Akicheka au akishangaa, ajue kuwa ametia chumvi.

Wajibu wetu sisi wakubwa

Ndugu Waislamu, lawama zote zisiwaendee vijana. Sisi maimamu na walimu tunaandika tazkia moja na kubadilisha jina tu: fulani ni kijana mwema, mcha Mungu, mwenye bidii. Tazkia nayo ni ushahidi. Tukimwandikia kijana, tukae naye kwanza, tumuulize, na tuandike jambo moja au mawili tuliyoyaona kwa macho yetu. Na tusiyemjua, tuwe na ujasiri wa kumwambia kwa upole aende kwa anayemjua.

Na misikiti yetu ina mikeka, taa na watu waliosoma. Je, inashindikana kutenga jioni mbili katika mwezi, baina ya Magharibi na Isha, wanafunzi wa kiume na wa kike wakaletewa mtu aliyewahi kupita njia hii, akawasomea na kuwauliza? Hilo halihitaji harambee. Wanaotangulia wanajua, na wanaofuata hawajui, na baina yao hakuna hata hatua ishirini za safu ya Sala.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka 1947, alipotoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza Waislamu wa pwani hii wasibaki nyuma katika elimu. Tangu wakati huo hadi leo wito huo umerudiwa juu ya mimbari nyingi. Lakini wito peke yake haumfikishi mtu chuoni. Kijana aliyeitikia wito huo amesimama mlangoni na bahasha mkononi, na anachokihitaji kwetu leo ni saa moja ya muda wetu na maswali ya kweli.

Kwa vijana wenyewe tunasema neno la mwisho. Insha njema si dhamana ya kupata, kwani riziki iko mikononi mwa Allah (s.w.), na wapo walioandika kwa ukweli wakakosa, kama binti yule alivyokosa mara ya kwanza. Lakini aliyeandika ukweli akikosa, hubakiwa na ukweli wake na anaweza kuutumia tena mwaka ujao. Aliyeandika uongo akikosa, hana alichobakiwa nacho. Na akipata, atauishi uongo huo kwa miaka minne katika nchi ya watu. Nia zenu ziwe safi, na kalamu zenu ziwe kama ndimi za mashahidi waadilifu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awarejeshe kwetu salama wakiwa ni wenye kunufaisha.

Wabillahi tawfiq.